Kipima Kina kwa Boti ya Maboya: Nunua Kidogo, Funga Vizuri

Mgeni akifika Mwanza, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni mawe. Yamepandana milimani, yamejipanga ufukweni, na ule Mwamba wa Bismarck umesimama majini karibu na mji kama mtu anayesubiri kivuko. Sisi tunaoendesha boti hayo hayatusumbui, kwa kuwa tunayaona. Yanayotusumbua ni yaliyojificha. Kati ya miezi ya mwisho ya 2019 na Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita moja, likafikia kimo cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakitusimulia, na mawe mengi ambayo kila nahodha aliyakwepa kwa macho yakabaki chini ya shubiri mbili za maji. Mtumbwi unapita juu yake bila habari. Mashine iliyoning'inia nyuma ya boti haipiti.

Katika kipindi hicho cha maji kupanda nilivunja propela nikiwa na abiria wanane, mahali nilipokuwa nimepita mamia ya mara. Mapanga mawili kati ya matatu yalikunjika, mashine ikawa inatetemeka hata haishikiki, tukajivuta kwa makasia hadi mzee mmoja mvuvi alipotukuta. Alipomaliza kufunga kamba aliniuliza, "Mwanangu, ulipima maji?" Nikamjibu, "Hapa napajua, mzee." Akasema, "Sijakuuliza kama unapajua. Nimekuuliza kama ulipima."

Tangu siku hiyo siendeshi boti isiyo na kipima kina, na wenzangu kadhaa nimewafungia vya kwao. Katika kazi hiyo nimeona kifaa kidogo cha bei ya chini kikisoma sawasawa msimu mzima, na kikubwa cha bei ya kutisha kikidanganya kutwa nzima, kwa sababu tu ya mahali sensa ilipofungwa. Kwa hiyo makala hii itazungumzia duka kwa ufupi, halafu itakaa sana chini ya boti, pale ambapo mambo huharibika.

Kwanza tuelewane ni boti ipi. Boti ya maboya huitwa pia pantoni, lakini mtu wa Dar es Salaam akisikia neno hilo anafikiria kivuko cha Kigamboni, chuma kizito chenye magari na watu mamia. Ninayosema hapa ni ile boti ndogo ya sakafu tambarare iliyolala juu ya maboya mawili marefu ya aluminiamu, au matatu, yenye viti pembeni na turubai juu. Asili yake ni Marekani, jimbo la Minnesota, nchi ya maziwa madogo. Mkulima mmoja aitwaye Ambrose Weeres, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichomelea mapipa ya chuma mwisho kwa mwisho hadi yakawa mistari miwili, akatandika sakafu ya mbao juu yake, akapata chombo kinachotulia ziwani kuliko boti ya kawaida. Kilitengenezwa kwa maji yaliyotulia. Nasema hivyo kwa sababu hakuna kifaa cha umeme kitakachoigeuza boti ya maboya kuwa chombo cha kuvukia Ziwa Victoria katikati, penye mawimbi. Mahali pake ni kando kando, kwenye ghuba, kuzungusha wageni hadi Kisiwa cha Saanane na kurudi. Na huko kando kando ndiko kwenye mawe.

Boti hii humpa nahodha imani asiyostahili kuwa nayo. Maboya yenyewe huzama kidogo, huweza kusogea ufukweni hadi mgeni akashuka maji yakimfika magotini, hivyo nahodha huona kwamba popote panapitika. Lakini mashine nyuma inaning'inia chini kuliko maboya. Zaidi ya hapo, usukani uko katikati au nusu ya nyuma, na mbele umejaa viti, watu na mizigo. Nahodha wa mtumbwi anaona rangi ya maji mbele yake ikibadilika kutoka buluu kwenda kahawia. Nahodha wa boti ya maboya anaona migongo ya abiria.

Kifaa chenyewe kinafanya kazi ile ile ya bildi, ile timazi ya risasi na kamba ambayo manahodha wa pwani walitumia kuhesabu pima za maji, isipokuwa hiki kinatumia sauti badala ya kamba. Sensa iliyo majini hupiga mlio usiosikika kwa sikio la binadamu, mlio unagonga chini, unarudi, na kifaa kinapima muda wa safari. Katika maji ya ziwa letu, yenye joto la nyuzi 25 hivi, sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Ukiwa juu ya maji ya mita 3, mlio unakwenda na kurudi kwa sehemu 4 za elfu moja za sekunde. Kumbuka safari hiyo fupi, maana kila kitu nitakachosema baadaye kuhusu kufunga kinahusu kuilinda isikatizwe na mapovu ya hewa.

Sasa dukani. Muuzaji atakuambia kifaa hiki kinafika mita 500 chini. Mshukuru, halafu lisahau jambo hilo. Ziwa Victoria mahali pake penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo. Anayehitaji nguvu nyingi ni mwenzetu wa Ziwa Tanganyika, ambalo linakaribia mita 1,500, na hata yeye, akiwa na boti ya maboya, kinachomhusu ni mita chache za juu. Uliza kinyume chake: kinaanza kusoma kwenye maji mafupi kiasi gani? Vifaa vingi vidogo huchanganyikiwa maji yakipungua chini ya sentimita 60 au 70 kutoka kwenye sensa. Mlio unarudi kabla kifaa hakijawa tayari kuusikiliza, namba zinaanza kuwaka na kuzima, au inabaki namba ya zamani. Jua mpaka wa kifaa chako kabla hujauamini.

Kuna vya aina tatu utakavyokutana navyo kwa bei ya mtu wa kawaida. Cha kwanza ni saa ya namba tupu, kiduara kidogo cha kwenye dashibodi kinachoonyesha kina na joto la maji, basi. Ni rahisi, kinasomeka juani, na kama hutaki jambo lingine hakina ubaya. Cha pili ni kile wavuvi wanachokiita fishfainda, chenye skrini ya inchi 4 hivi inayochora umbo la chini. Cha tatu ni kile kimpira kinachoelea, ambacho hutuma picha kwenye simu yako bila waya. Hicho cha tatu ni kizuri kwa mvuvi aliyeketi juu ya jiwe akirusha ndoana. Kwenye boti inayotembea hakifai: simu inapata joto juani, inazimika, mtu anakupigia wakati unakaribia mwamba.

Mimi nakushauri cha pili, na sababu yangu haina uhusiano na samaki. Vingi vya aina hiyo vina GPS. Hata kama havina ramani ya ziwa, na vya bei ya chini kwa kawaida havina, unaweza kubonyeza kitufe ukiwa juu ya mwamba na alama ikabaki hapo. Baada ya miezi miwili utakuwa na ramani yako mwenyewe ya mawe yako. Garmin Striker 4 ni mfano ninaoujua vizuri: skrini ndogo ya inchi 3.5, GPS ya alama bila ramani, na kule Marekani kimekuwa kikiuzwa kwa dola 100 na kidogo. Ukiagiza, ongeza nauli na kodi ndipo upige hesabu. PiranhaMAX 4 ya Humminbird nayo inasoma kina vizuri, ila haina GPS, na kwa tofauti ya bei iliyopo ningeongeza hela nipate alama. Lowrance nao wametengeneza vidogo vyao vya familia ya Hook. Kati ya kampuni hizi sina ya kuipigia debe. Chagua ile ambayo fundi wa mji wako anaweza kukupatia sensa ya akiba.

Hapo kwenye sensa ndipo wanunuzi wa mitumba huumia. Kuna skrini nyingi zilizotumika zinazokuja kutoka nje zikiwa peke yake, bila sensa, bila waya wa umeme. Bei inavutia. Halafu unagundua kwamba plagi za kampuni hii haziingiliani na za ile, hata matoleo mawili ya kampuni moja yanaweza kukataana, na sensa peke yake inakaribia nusu ya bei ya kifaa kipya. Rahisi ghali. Kama muuzaji hana sensa mkononi ya kuchomeka mbele yako na kuwasha, rudisha pesa mfukoni.

Utaona pia namba za mlio, kwa mfano kilohezi 77 au 83 na kilohezi 200. Mlio wa namba kubwa unabana kama mwanga wa tochi iliyokazwa, wa namba ndogo unatawanyika. Kwa sensa yenye pembe ya nyuzi 20, duara inayomulikwa chini ina upana wa kama theluthi ya kina: kwenye maji ya mita 9 unasoma duara ya mita 3. Kwa pembe ya nyuzi 60 duara inapita hata kina chenyewe. Mvuvi anapenda duara pana. Anayetafuta kina cha kweli penye mawe aweke kilohezi 200. Vyenye teknolojia ya CHIRP hupiga milio ya namba nyingi kwa mfululizo na kuchora picha safi zaidi. Ukipata kwa bei ile ile chukua, usipopata usihuzunike.

Kabla hujalipa, rudi kwenye boti na futi ya kupimia. Waya wa sensa kwa kawaida una urefu wa mita 6 hivi. Boti ya maboya ya futi 22 ina karibu mita 7, na waya hauendi moja kwa moja: unapanda kutoka kwenye boya, unapita chini ya sakafu, unapinda, unapanda tena ndani ya dashibodi. Pima njia yote kwa kamba, ongeza nusu mita. Ukikuta haufiki, agiza waya wa kuunganishia wa kampuni ile ile. Usikubali fundi aukate waya wa sensa ili aurefushe au aufupishe. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba zilizofunikwa kwa wavu wa kuzuia kelele za umeme, na wavu huo ukishakatwa na kusokotwa kwa mkono, skrini itajaa vitone kama mvua. Ukizidi, ukunje taratibu uufunge chini ya sakafu.

Twende chini ya boti.

Boti ya kawaida ya faiba ina ubao bapa nyuma, na kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa ajili ya ubao huo. Boti ya maboya haina. Ina ncha mbili za duara na kiti cha mashine katikati. Hapo ndipo fundi asiyeijua anapofanya kosa la kwanza na baya kuliko yote: anachukua drili na kutoboa boya. Ndugu yangu, boya ndilo linalokubeba. Limefungwa lisiingie maji, kwa kawaida limegawanywa vyumba ndani yake, na tundu moja la skrubu, hata likijazwa silikoni, ni mlango uliouacha wazi. Litavuja taratibu, utaona tu boti imeanza kulalia upande mmoja na hujui kwa nini. Usitoboe boya kwa sababu yoyote ile.

Usidanganywe pia na njia ya kugundisha sensa kwa ndani ili mlio upenye ukuta wa chombo. Kwenye boti ya faiba ya tabaka moja lisilo na povu katikati inawezekana, na nimeifanya. Kwenye boya haiwezekani: ndani hufiki bila kulitoboa, na ukigundisha juu yake mlio utakutana na hewa iliyo ndani na kurudi hapo hapo.

Sehemu zinazofaa ni hizi. Boti nyingi za maboya zinazotoka kiwandani zina kipande cha bati kilichochomelewa nyuma ya boya, kwenye ncha, kwa ajili ya kazi hii hii. Watu hudhani ni masalio ya kiwanda. Inama utazame. Kama kipo, kazi yako imekwisha nusu. Kama hakipo, mpe fundi wa kuchomelea aluminiamu, na awe anayejua aluminiamu kweli, achomelee kibati cha upana wa kiganja kwenye ncha ya nyuma ya boya la kulia. Au tumia kiti cha mashine: funga bamba au ubao wa plastiki mgumu ushuke majini, na sensa ikae kwenye bamba hilo. Njia ya tatu ni mkanda wa chuma cha pua unaozunguka boya na kukazwa kwa bolti, wenye mpira chini yake ili usilisugue. Huo ndio rahisi kwa anayekodi boti na hataki kuacha alama.

Kwa nini boya la kulia? Mashine nyingi huzungusha propela kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka nyuma. Upande wa kulia panga linashuka, upande wa kushoto linapanda likichota povu na kulirusha juu. Sensa ikae upande panga linakoshuka, na iwe mbali na propela kwa sentimita 40 hivi au zaidi. Kwenye ncha ya boya umbali huo unaupata bila taabu. Kwenye kiti cha mashine lazima uupime. Kama mashine yako inazunguka kinyume, geuza ushauri huu.

Kisha tazama mbele ya sensa. Maji yatakayoigusa yanatoka wapi? Kama mbele yake kuna ngazi ya kuogelea, bomba, kichwa cha bolti au mshono wa kuchomelea uliotokeza, kitu hicho kitakata maji na kuacha mkia wa mapovu, na mkia huo utapita juu ya sensa yako. Ukiwa umesimama kila kitu kitaonekana sawa. Ukifungua moto, namba zitapotea. Nimeitwa mara nyingi kutazama kifaa kibovu ambacho hakikuwa kibovu. Mwenye nacho ananiambia, "Fundi, kikiwa kimetulia kinasoma, tukitembea kinalala." Hiyo ni hewa. Sogeza sensa, ishushe kidogo, pona.

Ishushe kiasi gani? Kwa boti zenye ubao bapa, kanuni ya vitabu ni uso wa sensa kutokeza chini ya ukingo milimita 3 kwenye faiba na kama milimita 10 kwenye aluminiamu. Kwa boya la duara mambo hubadilika, kwa kuwa sehemu ya chini kabisa ya boya ndiyo inayogusa mchanga ukipandisha boti ufukweni. Mimi huiweka sensa chini kadiri inavyowezekana, lakini vidole viwili juu ya tumbo la boya, ili mchanga na mawe vikutane na boya kwanza. Uso wake uwe sambamba na maji wakati boti ina mzigo wa kawaida, siyo wakati iko juu ya magogo. Boti tupu huinua pua au mkia, na sensa iliyoelekea mbele au nyuma inasoma kina cha mshazari, kirefu kuliko cha kweli. Kosa la aina hiyo ndilo linaloua propela, maana linakuambia kuna maji ambayo hayapo.

Bolti ziwe za chuma cha pua, na kati ya chuma hicho na aluminiamu weka washa za nailoni. Metali mbili tofauti zikigusana majini moja hula nyingine, na inayoliwa ni aluminiamu. Kwa sababu hiyo hiyo, rangi ya kuzuia uchafu yenye shaba isiguse boya lako kamwe.

Umeme hauna makuu, ila una mtego mmoja. Kifaa kidogo kinakula chini ya ampea moja, betri haitasikia. Mtego ni kuchomoa umeme kwenye waya wa swichi ya mashine kwa kuwa uko karibu. Ukipiga stata, volti zinashuka ghafla, kifaa kinazimika na kujiwasha upya, na baadaye kelele za mashine zinaingia kwenye skrini. Vuta waya wake wenyewe kutoka kwenye betri ya volti 12, weka fyuzi ya ukubwa uliotajwa kwenye kitabu chake karibu kabisa na betri, halafu swichi. Waya wa sensa upite upande mwingine wa boti, mbali na nyaya za mashine, taa na redio. Mahali waya unapoingia kwenye dashibodi uache ushuke kidogo kama tumbo kabla ya kupanda, ili maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi kwenye plagi.

Ukikiwasha mara ya kwanza, kabla ya jambo lolote nenda kwenye vipimo. Vifaa vingi hivi vimetengenezwa kwa soko la Marekani, na vinakuja vikihesabu kwa futi. Mtu anasoma 6, anadhani ni mita 6, kumbe ni pima moja tu ya maji, chini ya mita 2. Badilisha kuwa mita, na kila atakayeshika usukani wako aambiwe. Chagua maji baridi kwa ziwa, maji ya chumvi kwa bahari, kwa kuwa sauti haikimbii sawa.

Baada ya hapo weka fidia. Kifaa kinahesabu kuanzia kwenye sensa kwenda chini. Hakijui maji yaliyo juu ya sensa wala hakijui propela yako imeshuka wapi. Chukua mfano: sensa iko sentimita 25 chini ya uso wa maji, na ncha ya chini ya mashine iko sentimita 65. Tofauti ni sentimita 40. Kifaa kikisoma mita 3, chini ya mashine yako zipo mita 2.6. Ingiza fidia ya kutoa 0.4, na kuanzia hapo namba unayoiona ni maji uliyonayo kweli chini ya chuma chako. Wengine hupenda kusoma kutoka uso wa maji, nao huongeza badala ya kutoa. Kwa boti ya kubeba watu penye mawe naona njia ya kwanza ni salama zaidi: ikifika sifuri, umegusa. Weka na kengele ya maji mafupi, mita 1.5 kwa mfano, na usiizime kwa sababu wageni wanalalamika.

Kusoma skrini utajifunza kwa kutembea nayo, lakini mambo mawili nikuanzishie. Jiwe hurudisha mlio kwa nguvu: mstari wa chini unakuwa mnene, na mara nyingine unaona chini ya pili, hafifu, kwenye kina maradufu, ambayo ni mlio ulioruka kati ya uso wa maji na mwamba mara mbili. Matope laini, ambayo ghuba zetu zimejaa, huchora mstari mwembamba uliofifia. Magugu yaliyoota chini yanaweza kusomwa kana kwamba ndiyo sakafu. Gugumaji linaloelea ni habari nyingine, hilo linajinasa kwenye sensa yenyewe na skrini inapofuka. Simamisha, inua, safisha. Safisha kwa kitambaa na sabuni laini kila wiki, kwani utando wa kijani pekee unatosha kuzuia mlio. Usiipige kwa mashine ya maji ya presha.

Na sasa jambo ambalo muuzaji hakukuambia. Kifaa hiki kinatazama chini, na kiko nyuma. Boti yenye mwendo wa kilomita 15 kwa saa inapita mita 4 kila sekunde. Wakati skrini inakuonyesha mwamba, pua ya boti imeshaupita au imeshaugonga. Mawe yetu hayapandi polepole kama fungu la mchanga. Yanasimama kama ukuta, kutoka mita 8 hadi nusu mita ndani ya urefu wa boti moja. Kwa hiyo kipima kina ni cha nahodha anayekwenda taratibu. Eneo geni liingie kwa mwendo wa mtu anayetembea, mashine ikiwa imeinuliwa kidogo, mtu mmoja amesimama mbele akitazama maji, na kila jiwe utakalolipata libonyezee alama siku hiyo hiyo. Siku ya pili upite kwenye njia yako ile ile uliyoipima, ambayo GPS imeihifadhi, na hapo ndipo unaweza kuongeza moto. Pia kumbuka kwamba ziwa hupanda na kushuka. Alama inakuambia jiwe liko wapi, haikuambii leo lina maji kiasi gani juu yake.

Ukishafunga, jipe asubuhi moja ya kupima bila abiria. Tengeneza bildi yako: kamba nyembamba isiyovutika, nati kubwa nzito mwishoni, fundo kila nusu mita. Simama penye mita 2, kisha 4, kisha 8, shusha bildi kandokando ya sensa na ulinganishe na skrini, ukikumbuka fidia uliyoweka na kina cha sensa yenyewe chini ya uso wa maji. Zikitofautiana kwa kiganja si neno. Zikitofautiana kwa nusu mita, rudi ukatazame vipimo, fidia na mshazari wa sensa. Kisha tembea kwa mwendo wa pole, wa kati, na wa kasi juu ya mahali tambarare unapopajua, uone ni mwendo gani namba zinapotea, na uandike mwendo huo kwa kalamu ya wino mzito juu ya dashibodi. Mwisho sogea taratibu kuelekea ufukweni mpaka kengele ilie, ukasikilize kama unaisikia mashine ikiwa inanguruma. Usimpakie mgeni hata mmoja kabla hujafanya hayo yote, na bildi usiitupe. Ifunge chini ya kiti cha nahodha, maana betri huisha.